Joto na unyevu katika kizimba cha chatu wakati wa baridi kali: uzi kwa wafugaji walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini

Kichuguu (Minneapolis)

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa sababu maswali mengi yanayoletwa hapa kuanzia Novemba hadi Machi yana mzizi mmoja: mtu amepata joto lakini amepoteza unyevu, au amepata unyevu lakini nyoka wake analala juu ya tope la baridi. Mimi naishi Minneapolis, Marekani, na nafuga chatu jike mmoja wa aina ya Python regius, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani humwita chatu wa mpira, kwa kuwa anapoogopa hujiviringisha na kuficha kichwa katikati ya mwili. Ana miaka 6 na urefu wa sentimita 120 hivi. Majira ya baridi ya kwanza niliyokaa naye nilimtesa bila kujua, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nitaandika kwa kirefu.

Mwaka ule alijivua gamba vipandevipande badala ya gamba zima kutoka mara moja kama soksi, na jicho la kushoto likabaki na utando wa zamani. Daktari wa wanyama alinionya nisithubutu kuubandua kwa kibano, kwa maana ninaweza kuling'oa gamba jipya la jicho lililo chini yake. Alinielekeza nipandishe unyevu na kusubiri, na utando ukatoka pamoja na gamba lililofuata. Kilichonishangaza ni kwamba kipimo cha duara nilichokuwa nimekibandika ukutani mwa tangi kilisoma asilimia 60 muda wote. Nilipopata kipima unyevu cha dijitali kilichohakikiwa, kilisoma asilimia 28.

Kwa hiyo ninaanza na kipimo kabla ya kifaa kingine chochote. Kila kipima unyevu kihakikiwe kwa chumvi ya mezani: weka chumvi katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito usioyeyuka wote, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mahali penye joto la kawaida la chumba, kwa muda wa saa 12. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, ujue kinapunguza 7, ukiandike hivyo mgongoni mwake. Mtu asiyefanya jaribio hili huweza kusahihisha kosa ambalo halipo na kuliacha lililopo.

Sasa tuelewane kwa nini baridi ya nje hukausha kizimba kilicho ndani ya nyumba yenye joto. Hewa yenye nyuzi 15 chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa mvuke wote inaoweza kuubeba, ina gramu moja na nusu hivi ya maji katika mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, inakuwa na uwezo wa kubeba gramu 18, kwa hiyo unyevu wake unashuka chini ya asilimia 10. Kupika, kuoga na pumzi za watu huongeza kidogo, na ndiyo sababu sebule yangu husoma asilimia 20 hadi 25 mwezi wa Januari. Chukua hewa hiyo ya asilimia 25 kwa nyuzi 22, uipashe hadi nyuzi 32 chini ya taa ya nyoka: hakuna tone la maji lililopotea, lakini asilimia imeshuka hadi 14. Taa imeiongezea hewa kiu. Hewa hiyo ya moto hupanda, hutoka kwenye wavu wa juu ikiwa imebeba maji uliyoyamwaga asubuhi, na hewa kavu ya sebuleni huingia kuchukua nafasi yake. Tangi la kioo lenye wavu juu ni bomba la moshi, na kulimwagia maji zaidi bila kuziba wavu ni kuujaza mtungi uliotoboka.

Watu wengi husoma kwamba chatu huyu hutoka kwenye savana, kuanzia Senegali hadi Uganda, mahali penye kiangazi kikali, wakahitimisha kwamba anapenda ukavu. Hesabu hiyo inasahau kwamba hashindi juani. Mchana hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambako upepo haufiki na hewa hubaki na unyevu hata wakati nyasi za juu zimekauka zikawa njano. Jina ninalotumia hapa nimelichukua kwake. Tunachojaribu kukijenga ni kichuguu kimoja chenye upande wa joto na upande wa ubaridi.

Vipimo ninavyovilenga ni hivi. Sehemu ya kuotea joto iwe na nyuzi 31 hadi 33 kwenye uso wa jiwe au gome, ikipimwa kwa kipimajoto cha miale na si kwa kukisia kwa kiganja. Upande wa ubaridi uwe na nyuzi 24 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 23. Unyevu uwe kati ya asilimia 60 na 80 upande wa ubaridi. Upande wa joto utasoma chini ya hapo, na jambo hilo lisikutie hofu: hewa yenye gramu 16 za maji kwa mita ya ujazo itasoma karibu asilimia 70 kwa nyuzi 25, na chini kidogo ya 50 kwa nyuzi 32, ilhali maji ni yaleyale. Anayepima upande mmoja tu hapati hata nusu ya habari.

Wavu wangu nimeuziba robo tatu kwa utepe wa aluminiamu, nikiubandika kwa nje tu, maana utepe wowote wenye gundi ukiwa ndani nyoka ataunasia na magamba yatachanika. Sehemu iliyo chini ya taa imebaki wazi. Sakafuni nimeweka sentimita 8 za makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yaliyochanganywa na usumba uliosagwa. Kwetu Pemba makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi mingi ili kupata usumba wa kusokota kamba, na mimi niliyakuta tena huku yakiuzwa kama matofali makavu ya kuloweka. Hakuna kitu kinachoshika maji na kuyaachia polepole kuliko hayo, na hayaozi upesi. Epuka vumbi na vipande vya mwerezi, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu huudhuru mfumo wa kupumua. Kila baada ya siku 6 humimina lita moja ya maji kwenye pembe nne, yakashuka moja kwa moja chini, ili tabaka la chini liwe na maji na la juu, ambalo tumbo la nyoka hugusa, libaki kavu.

Joto la mchana linatoka kwenye balbu ya halojeni ya wati 75 iliyounganishwa na themostati, yaani kidhibiti joto, ya aina inayopunguza na kuongeza umeme taratibu. Usiku natumia mkeka wa joto uliobandikwa chini ya kioo, nao una themostati yake, na sensa yake, yaani ncha yake inayopima joto, nimeining'iniza hewani sentimita 10 juu ya makumbi. Situmii balbu nyekundu za usiku ambazo duka lilinishauri mwanzoni, kwa maana nyoka huziona na zinamharibia giza. Naomba wenye uzoefu waongeze au wasahihishe.

MamaMiti (Toronto)

Kaka Kichuguu, nashukuru kwa maelezo haya. Chatu ni wa mwanangu wa miaka 14, lakini ninayehangaika naye ni mimi. Tuliambiwa tunyunyize maji kwa chupa ya kupulizia mara tatu kwa siku, nasi tumefanya hivyo tangu Oktoba. Kipimo kinapanda hadi 85, na baada ya saa moja kinarudi 35. Wiki hii nimeona magamba mawili ya tumboni yamekuwa na rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Je, ni uchafu tu, au nifanye nini?

Kichuguu (Minneapolis)

Dada, usisubiri, mpeleke kwa daktari anayewajua wanyama watambaao wiki hiihii. Siwezi kutibu kwa maandishi, lakini unachokieleza kinafanana na mwanzo wa kuoza kwa magamba, ugonjwa unaoingia pale tumbo linapolala juu ya unyevu wakati wote. Mpaka siku ya kumwona daktari, ondoa matandiko yote, mtandikie karatasi nyeupe za jikoni zilizo kavu, zibadilishe kila siku, na usishushe joto hata kidogo, kwa kuwa kinga ya nyoka hutegemea joto la mwili wake.

Kunyunyiza si dhambi, ila kunalowesha uso, ambapo nyoka hulala, na kuiacha sehemu ya chini kavu, ambapo maji yangekaa. Ndiyo maana kipimo chako kinapanda kama ndege na kushuka kama jiwe. Akishapona, ziba wavu kwanza, kisha umimine maji pembeni. Mwekee pia kijumba kimoja cha unyevu upande wa joto, yaani kisanduku cha plastiki chenye mfuniko na tundu moja, ndani kikiwa na kuvumwani iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isitoe tone. Ataingia mwenyewe macho yanapoanza kuwa na rangi ya maziwa, ambayo ni dalili kwamba gamba linakaribia kutoka, na atatoka mwenyewe akitosheka. Vijumba vingine viwili vikavu, kimoja kila upande, vibaki palepale, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na maficho.

Fundi wa Umeme (Leeds)

Mkuu Kichuguu, maelezo yako ya hewa na mvuke ni mazuri na nimeyahifadhi. Kuhusu mkeka, hata hivyo, sikubaliani nawe, na naomba uuzime leo kabla ya kulala, kisha uendelee kusoma.

Sensa ya themostati hulinda mahali ilipo, na hailindi mahali pengine popote. Yako iko hewani, nawe umeiagiza isimamie hewa. Mkeka wa chini ya kioo hauna uwezo wa kupasha hewa ya tangi zima kupitia sentimita 8 za makumbi, kwa hiyo hewa haitafika kwenye nyuzi ulizoziweka, na themostati itaacha mkeka uwake usiku kucha bila kuukata. Wakati huohuo makumbi yako ni blanketi. Joto linalotoka chini linazuiwa kupanda, linajikusanya kwenye kioo, na siku nyoka atakapochimba ili ajifiche atalala juu ya kioo hicho. Nyoka hawakimbii joto la chini kwa wepesi tunaoudhania. Nimeona chatu wa rafiki yangu aliyeungua tumbo zima kwa kubaki palepale mpaka asubuhi. Kioo nacho huweza kupasuka kwa kuwa na joto kali upande mmoja.

Mkeka hufaa pale ambapo matandiko ni membamba sana, sensa ikiwa imebanwa kati ya mkeka na kioo, na themostati ya kawaida ya kuwasha na kuzima inautosha. Kwa kizimba chenye makumbi ya kina kama chako, joto la usiku litoke juu. Tumia balbu ya kauri isiyotoa mwanga, pamoja na themostati inayotuma umeme kwa vipande vifupivifupi. Usiiunge kwenye themostati ya halojeni ukidhani umebana matumizi, kwa kuwa kila kifaa kina saa zake na nyuzi zake. Soketi yake iwe ya kauri pia, maana ya plastiki itayeyuka.

Sensa ifungwe kwa kamba za plastiki au kwa vibanio mahali ambapo nyoka hawezi kuisukuma. Ikianguka kwenye bakuli la maji, themostati itaamini kwamba kizimba kizima ni cha baridi na itasukuma umeme wote ilionao. Waya zote zining'inie na kushuka chini ya kiwango cha soketi ya ukutani kabla ya kupanda tena kuingia humo, ili tone la maji likifuata waya lidondokee sakafuni na lisiingie kwenye umeme. Katika kizimba ambacho taa iko ndani, kama vile vya plastiki ngumu ambavyo wengi wetu tumehamia, taa iwe na kizuizi cha wavu wa chuma cha kuizingira, kwa maana chatu ataparamia chochote chenye joto na kujizungusha humo.

Niongeze kuhusu vizimba hivyo vya plastiki. Nilihama kutoka kwenye kioo mwaka wa tatu wa ufugaji, nikanunua kimoja cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, na tangu hapo maji ninayomimina yamepungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo mwenye tangi la kioo asijione hawezi: akiziba wavu, na kuzifunika kuta tatu kwa nje kwa ubao laini wa povu, atapata karibu faida ileile, na nyoka atatulia zaidi kwa kutoonekana pande zote.

Mchangani (Hamburg)

Nina neno moja la tahadhari kwa wasomaji wapya. Mimi nafuga Eryx colubrinus, yule nyoka mfupi wa mchangani anayetoka kwetu Afrika Mashariki, na nimeshaona watu wawili wakinakili vipimo vya chatu kwa ajili yake. Huyu hujifukia, anahitaji matandiko makavu yenye kina, na asilimia 60 hadi 80 za mfululizo zitamletea magonjwa ya ngozi na ya kupumua. Mpeni bakuli dogo la maji na kona moja yenye unyevu kidogo wakati wa kujivua gamba. Joto lake la kuotea ni karibu na lile la chatu, lakini maji yake ni ya mnyama mwingine kabisa.

Mkulima_Tanga

Wakuu, nimefuatilia uzi. Shambani kwetu tumemkuta chatu mdogo, urefu kama wa mkono. Huku hakuna baridi wala ukavu, kwa hiyo nafikiri ufugaji utakuwa rahisi. Nianze na kizimba cha namna gani?

Kichuguu (Minneapolis)

Ndugu yangu, huyo mwache aende. Unyevu wa Tanga ungekutosha kweli, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata na kumweka mnyamapori bila kibali, na kwa jirani zetu Kenya sheria ya mwaka 2013 inakataza vilevile. Chatu wa huko naye si huyu wetu mdogo. Hukua akapita mita 4. Kama yuko karibu na nyumba au banda la kuku, wajulishe maofisa wa wanyamapori wa wilaya wamhamishe. Chatu wangu alizaliwa kwa mfugaji hapahapa Marekani, na hata hivyo jamii yote ya chatu imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji hati.

Kichuguu (Minneapolis), wiki tatu baadaye

Fundi, nimerudi kukushukuru. Usiku ule nilifukua makumbi juu ya mkeka nikapima uso wa kioo: nyuzi 46. Hewa sentimita 10 juu yake ilikuwa na nyuzi 24, nami nilikuwa nimeiagiza themostati ifikie 27. Kila ulichokieleza ndicho nilichokikuta. Nilikaa sakafuni muda mrefu nikiwaza kwamba kama angekuwa mchimbaji mwenye bidii zaidi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Mkeka nimeutoa. Nimeweka balbu ya kauri ya wati 60 yenye themostati ya vipande, sensa ikiwa imefungwa kwenye tawi upande wa joto, kwenye usawa wa mgongo wa nyoka. Siku mbili za kwanza unyevu ulishuka kutoka 66 hadi 51, kwa sababu sasa joto la usiku linakausha kutoka juu na niliongeza tundu la pili kwenye wavu kwa ajili ya balbu hiyo. Sikuongeza maji. Nilipunguza tundu la taa ya kwanza, ambalo lilikuwa kubwa kuliko lilivyohitajika, nikahamisha bakuli la maji kutoka kona ya ubaridi hadi katikati, ambako linapata joto kidogo na kutoa mvuke zaidi. Siku ya tano kipimo kilitulia kwenye asilimia 68 upande wa ubaridi na 49 upande wa joto, nje kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri. Juzi alijivua gamba zima, pamoja na tando zote mbili za macho. Nilizikagua kwenye mwanga wa dirisha kwa kuzihesabu mara mbili.

MamaMiti (Toronto)

Alhamdulillahi kwa habari hiyo. Wetu anaendelea na dawa ya kupaka na doa limeanza kufifia. Daktari amesema tuliwahi. Nina swali moja la mwisho kwa Fundi. Hapa kwetu mvua ya barafu huangusha nyaya, na mwaka jana tulikaa saa 9 bila umeme. Nijiandae vipi?

Fundi wa Umeme (Leeds)

Dada, saa hizo za kwanza kazi yako ni kulizuia joto lililopo lisitoke. Kifunike kizimba chote kwa mablanketi, ukiacha pengo la vidole viwili kwa ajili ya hewa, na usikifungue kumtazama kila baada ya dakika kumi. Zima swichi za taa zote, ili umeme ukirudi ghafla zisiwake chini ya blanketi na kuunguza nyumba. Chatu mzima mwenye afya huvumilia nyuzi 20 hadi 22 kwa saa kadhaa bila madhara. Ukiona panashuka chini ya hapo, mtie ndani ya foronya safi, uifunge mdomo, uiweke kwenye sanduku la povu lenye matundu, pamoja na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo nene. Uso wa taulo upimwe, usizidi nyuzi 35. Mishumaa na majiko ya mkaa yasikaribie, kwa sababu moshi wake ni hatari kwake na kwenu.

Usimlishe siku ambayo utabiri unaonya kuhusu barafu. Chakula hakisagwi bila joto. Kitaoza tumboni na atakitapika, na kutapika humdhoofisha nyoka kwa wiki kadhaa. Usimimine maji vilevile, hata kipimo kikishuka, kwa kuwa baridi ikikutana na unyevu ndipo mafua ya mapafu huanza. Ukisikia akikoroma au ukaona mapovu puani baada ya tukio hilo, rudi kwa daktari.

Umeme ukirejea, ondoa mablanketi kwanza, kisha ukague themostati kabla ya kuwasha taa. Baadhi ya zile za dijitali hupoteza mpangilio zinapokatiwa umeme na kurudi kwenye nyuzi za kiwandani. Andika nyuzi zako kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ubavuni mwa kizimba, ili hata kama ni mwanao peke yake aliye nyumbani saa hiyo, ajue namba ya kuirudisha.